Kalamu ya shajara: ukiona mpira, iache kaunta

Malalamiko ni yale yale tangu joto la mwaka huu lianze. Dada mmoja wa Tanga kaniandikia kwamba kalamu yake nzuri, tena ya zawadi, inamnata vidoleni kama ubani uliotafunwa. Mwingine yuko Unguja, anasema kila ukurasa wa shajara yake una doa jeusi la dole gumba pembeni na hajui linatoka wapi, maana kalamu haivuji. Mama mmoja wa Mbagala yeye hakutaka mjadala: kaizungushia ya kwake plasta ya kidonda, anaandika hivyo hivyo. Wote wanauliza, tununue ipi ya kuandikia kila siku?

Nitajibu. Ila rangi ya wino chagueni wenyewe. Unene wa ncha nao hauna maneno mengi: mwenye herufi ndogo achukue ya milimita 0.7, mwenye mwandiko wa kutanda achukue ya 1.0. Mimi shida yangu ni mpira.

Nasema ule mpira laini uliovishwa pale vidole vinaposhika. Dukani ni mtamu, ukiubinya unaona umefika. Lakini ulaini wake unatokana na vilainishi vilivyochanganywa humo kiwandani, na joto likizidi vilainishi hupanda juu kidogo kidogo. Ongeza jasho la Dar, ongeza losheni, mafuta ya nazi na kitakasa mikono, halafu subiri. Mbaya kuliko zote ni kalamu za chuma zilizopakwa ile rangi nyeusi isiyong'aa, yenye mguso wa mahameli. Rangi hiyo huvunjwa na unyevu wa hewa, na huku pwani unyevu hatuupumziki. Hata ukiiweka kalamu kwenye droo bila kuigusa, utaikuta inanata. Vumbi linaganda pale, kidole kinalibeba, karatasi inalipokea. Dada wa Unguja, doa lako ndilo hilo.

Ikiwa ni ya rangi, chukua kitambaa na spiriti usugue mpaka rangi yote itoke, ubaki na chuma chako. Ya mpira ikishaanza kunata haiponi. Poda ya mtoto ni kujifariji tu.

Kwa kipimo hicho, namba moja kwangu ni Parker Jotter, ile ya chuma kitupu juu mpaka chini. Naipenda na sitajifanya nimepima zote kwa mizani moja. Ilitoka mwaka 1954 na umbo lake halijabadilika sana mpaka leo, kwa sababu halikuwa na cha kurekebishwa. Haina mpira wala rangi ya kubanduka. Mtaniambia chuma kinateleza mkono ukitoka jasho. Kinateleza, ndiyo; unafuta kwenye kanga unaendelea. Mwenye kiganja kikubwa ataiona nyembamba, huyo namwelewa. Lakini ina uzito wa kiasi, na uzito huo unakusaidia usikandamize, na kukandamiza ndiko kunakouma mkono ukiwa kwenye ukurasa wa tatu.

Kisha kuna mrija, ule wa wino unaobadilishwa ndani. Umbo la mrija wa Parker limeigwa kihalali na kampuni nyingi, kwa hiyo ganda ukilinunua mara moja, wino unachagua mwenyewe miaka yote. Uni-ball wana mrija wao uitwao SXR-600, unaingia humo bila kukata wala kuchonga, na wino wake unateleza vizuri mno. Schmidt wa Ujerumani nao wanao. Kwa hapa kwetu kuipata ni kazi, lakini ukiwa na ndugu Dubai au Muscat mwagize. Mrija hauna hata uzito wa kumfanya alalamike.

Namba mbili ni Uni-ball Jetstream, yenye wino huohuo niliousifia. Ni wino wa mafuta uliofanywa mwepesi: hauhitaji nguvu, unakauka upesi, hautoboi karatasi. Kwa wino peke yake ingekuwa ya kwanza bila ushindani. Ila Jetstream tunazozikuta madukani nyingi zina mpira mshikoni, ndiyo maana nimeishusha. Ukiwa kwenye baridi, Mbeya, Njombe au Limuru, geuza orodha yangu, iweke juu. Muuzaji mmoja aliwahi kuninadia, "Chukua hii dada, ni ya Mitsubishi, hawa wa magari, haifi." Kweli inatengenezwa na Mitsubishi Pencil ya Japani, lakini hao si wa magari kabisa. Kampuni ya penseli ilisajili nembo ya almasi tatu mwaka 1903, kabla ya wale wakubwa kusajili ya kwao. Nilimwambia, akanipandishia bei.

Namba tatu, Bic Cristal. Hii mnaijua: pande sita, haina mpira, ipo tangu 1950, na jero linatosha. Wino wake ni mzito, unataka kukandamizwa. Mistari kumi sawa, kurasa nne utaota sugu kidole cha kati. Inatosha kwa Bic. Hizo nyingine za bei ya pipi sikuziweka.

Za jeli mmeziulizia sana, hasa Pilot G2. Wino wake ni mweusi kwelikweli, mkono hauchoki. Sasa hesabu: ina mpira, mrija wa jeli huisha mapema kuliko wa mafuta, na wengi wetu shajara zetu ni kaunta buku ya kwaya mbili. Karatasi ile ni nyepesi, jeli inaonekana upande wa pili, unaandika upande mmoja daftari zima na kulimaliza nusu ya wakati. Pilot V5 haina mpira, lakini wino wake ni wa majimaji na kwenye kaunta buku unatambaa.

FriXion msiandikie shajara, nawaomba. Ndiyo ile inayofutika kwa kusugua. Hakuna kinachofutwa pale. Joto la msuguano ndilo linalofanya wino ukose rangi, kuanzia kama nyuzi 60. Gari lililoegeshwa juani, pale mbele kwenye dashibodi, nyuzi hizo zinafika. Unaacha daftari asubuhi lina maneno, jioni unakuta karatasi nyeupe. Kuliweka kwenye friza hurudisha maandishi, kwa hiyo mkiona mtu anatoa samaki na daftari pamoja mjue ni huyo.

Turudi kwa Parker, maana hapo ndipo mtakapopigwa. Kariakoo ukiuliza orijino, unajibiwa, "Orijino ya bei gani?" Swali hilo likitoka, ondoka. Zimejaa zenye boksi la mahameli na utepe, na ndani kalamu ambayo springi yake inachoka kabla ya wino. Boksi halithibitishi chochote. Kwenye kalamu halisi, ukingo wa chuma pale inapofungukia una jina PARKER na nchi ilikotengenezwa, vimechongwa vidogo lakini vinasomeka. Jotter za siku hizi hutoka Ufaransa. Ukikuta India usikimbie, kule zilitengenezwa kwa leseni miaka mingi. Herufi zikiwa zimepinda, au hakuna kitu, mrudishie.

Na mwombe karatasi uandike. Mstari mzima, siyo ule mviringo mmoja wa haraka wanaoupenda wao, kwa sababu hata kalamu mbovu huchora mviringo. Wengine wanakataa eti utaimaliza. Kalamu ya bei ya boksi zima la Bic na nauli ya kurudi nyumbani, wino utaisha kwa mstari mmoja?

Halafu suala la mrija. Duka moja mjini, lenye kiyoyozi na kalamu ndani ya kabati la kioo, niliuliza mrija nikaambiwa, "Hatuleti, dada, wateja hununua kalamu nyingine." Watununulishe ganda jipya kila wino ukiisha! Jotter bila mrija wa akiba ni pambo la mfukoni. Ulizia mrija kabla hujauliza bei ya kalamu, chukua miwili siku hiyohiyo, na wakisema hakuna, kalamu ibaki kwenye kabati lao.