Bendera za mezani za vyama vya siasa, Nikaragua na Kosta Rika: nyota tatu kati ya tano

Mimi fundi cherehani, kwa hiyo bendera naigeuza nyuma kwanza. Ya FSLN, chama cha Wasandinista cha Nikaragua, imenikosha: nyekundu juu, nyeusi chini, rangi za Sandino, kiongozi wa waasi wa huko, alipopigana na wanamaji wa Marekani miaka ya 1920. Herufi nyeupe zimedariziwa, hazikuchapwa. Ya PLN, chama cha Ukombozi wa Kitaifa cha Kosta Rika, kijani-nyeupe-kijani, ndiyo iliyoniudhi. Mshono wa pindo unarukaruka, na nilipoiloweka kijani kikachuja, ukanda wa kati ukawa kama maji ya mchicha. Chama cha tangu 1951 kushonewa uzi ule, jamani! Vijiti vya plastiki, vinafaa. Muuzaji anajibu haraka, ila pesa yangu hajarudisha. Ukinunua, usiifue.