uTest kwa macho ya fundi simu wa Mombasa: pesa iko kwenye ripoti

Nikiulizwa kama uTest, jumuiya ya mtandaoni inayolipa watu kujaribu programu za simu na kompyuta, ni kazi ya kweli au ni utapeli, jibu langu ni moja: ni kazi ya kweli, inalipa, na haitakulipia kodi ya nyumba. Mimi ni fundi simu hapa Mwembe Tayari, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikijaribu programu za watu jioni nikishafunga duka. Nyingi ninazopata ni za mitandao ya kijamii au zinazoshikamana nayo: kuweka picha, kutumiana ujumbe, video fupi, kuingia kwa akaunti ya mtandao mwingine. Nimeona vijana wengi wanajiandikisha, wanakaa wiki mbili tatu, wanakata tamaa, halafu wanatangaza mtaani kwamba ni uongo. Si uongo. Kinachowashinda ni kuandika.

Kwa asiyeijua, uTest ilianza mwaka 2007, na makao yake yako Massachusetts, Marekani. Badala ya kampuni ya programu kutegemea wajaribu wachache walioketi ofisi moja, wenye simu mpya na intaneti ya kasi, inakodi umati uliotawanyika duniani, kila mtu na simu yake, mtandao wake na lugha yake. Mwaka 2009 waliandaa shindano la kusaka hitilafu, yaani kasoro za programu, wakawaachia wajaribu wao Facebook, MySpace na LinkedIn wazipekue. Mwaka 2014 kampuni ikabadilisha jina ikawa Applause, na jina la uTest likabaki kwa jumuiya ya wajaribu. Huko ndiko unakojiandikisha, na ni bure. Mtu akikutaka "ada ya usajili" kwenye WhatsApp, huyo ni mwizi, mfungie namba yake.

Ukishaingia unajaza wasifu: simu ulizo nazo, toleo la mfumo, kompyuta, kampuni ya simu unayotumia, lugha unazozijua. Mialiko ya kazi inafuata wasifu huo, kwa hiyo ijaze yote. Hapa ndipo watu wetu wanapojipunja. Wanaandika simu moja nzuri na kuificha ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka pembeni na nafasi iliyojaa, eti inatia aibu. Hiyo hiyo ndiyo mali! Mhandisi aliyeko Boston anaweza kununua simu yoyote mpya apendayo, lakini hana itel ya miaka mitano iliyojaa picha za harusi, hana laini mbili ndani ya simu moja, na hana bando linalokatika katikati ya video.

Wala hana feri ya Likoni, inayotuvusha kutoka kisiwa cha Mombasa. Mimi kila programu ya mtandao wa kijamii naipeleka pale. Saa kumi na moja jioni watu wakitoka kazini wamebanana feri nzima, kila mmoja simu mkononi, mtandao unazidiwa. Unaona alama ya 4G inashuka, inapotea, inarudi nusu nusu, na ukifika ng'ambo inakaa sawa tena. Kuna programu moja, sitaitaja kwa sababu kazi hizi zina masharti ya usiri, niliyoijaribu kwa njia hiyo. Nilibonyeza kuweka picha tukiwa tunaondoka upande wa kisiwani. Mtandao ukakatika, programu ikaniandikia kwamba picha imewekwa. Nikafungua simu ya pili yenye akaunti nyingine: hakuna kitu. Tulipofika Likoni na mtandao kutulia, picha ikatokea mara mbili. Nikairudia siku nyingine, ikawa vilevile. Nikaijaribu dukani kwa kuzima na kuwasha data kwa mkono, ikawa vilevile. Hilo la mwisho lilikuwa muhimu kuliko yote, maana msomaji wa ripoti hawezi kupanda feri. Kuzima data kwenye simu yake, hilo anaweza.

Mpwa wangu tunayekaa naye dukani alikuwa ameona hitilafu inayofanana na hiyo, akatuma ripoti yenye kichwa "Picha haiendi", na skrinishoti moja. Ikakataliwa. Akaja amenuna.

"Mjomba, si picha kweli haiendi? Wanataka nini tena?"

Nikamwuliza: haiendi kwenye simu gani? Toleo gani la programu? Ulikuwa kwenye data au waifai? Uliifungua programu upya au ilikuwa wazi tangu asubuhi? Ulitarajia uone nini, na uliona nini? Mteja akiniletea simu mezani akasema "imekufa", siwezi kuanza kufungua skrubu. Lazima nijue ilianguka, iliingia maji, au ilizimika kwenye chaji. Ripoti ni hivyo hivyo. Tuliiandika upya pamoja: kichwa kinachosema nini kinatokea na wakati gani, hatua moja moja kuanzia kufungua programu, matokeo yaliyotarajiwa, matokeo halisi, jina la simu na mfumo wake, rekodi fupi ya skrini na faili ya logi, yaani kumbukumbu ambayo simu huandika ya kilichotokea ndani. Hitilafu ni ile ile. Safari hii ilipita.

Hadithi inayonikaa kichwani kila nikisoma ripoti za vijana ninaowafundisha kazi hii ni ya Khalil Shreateh, Mpalestina, mwaka 2013. Aligundua kwamba angeweza kuandika kwenye ukurasa wa mtu yeyote wa Facebook hata kama si marafiki. Aliripoti kwa timu ya usalama, lakini ripoti yake haikuwa na maelezo ya kutosha, na Kiingereza hakikuwa lugha yake. Akajibiwa kwamba hiyo si hitilafu. Alichofanya ni kuandika kwenye ukurasa wa Mark Zuckerberg mwenyewe. Ndani ya muda mfupi wahandisi wakamtafuta. Shimo likazibwa, lakini Facebook ilikataa kumlipa kwa sababu alitumia akaunti za watu halisi kuthibitisha, kinyume cha masharti. Mtaalamu wa usalama Marc Maiffret akaanzisha mchango mtandaoni, ukapita dola 10,000, akapewa Khalil. Mimi naamini Facebook walimkosea, na mkuu wao wa usalama alikiri kwamba walimjibu kwa haraka mno. Lakini sisi ambao Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu tuna somo la kuchukua pale. Huhitaji Kiingereza cha maua. Sentensi fupi, hatua zenye namba, na video inayoonyesha kidole kinabonyeza wapi.

Tena watu huchanganya kazi hii na ile ya kusaka mashimo ya usalama, yaani kasoro ambazo mtu mbaya anaweza kupenyea. Facebook ilianza kulipa wasaka mashimo mwaka 2011, kiwango cha chini kikiwa dola 500, na mwaka 2016 mtoto wa miaka kumi kutoka Helsinki alipewa dola 10,000 kwa kuonyesha jinsi ya kufuta maoni ya wengine kwenye Instagram. Habari hizo ni za kweli na zinatia moyo, ila ni fani nyingine. Kwenye uTest unalipwa kidogo kidogo: kwa hitilafu moja moja kulingana na uzito wake, au kwa kufuata orodha ya hatua ulizopewa na kueleza kila hatua imepita au imefeli. Kazi za orodha hazina msisimko, lakini malipo yake yanajulikana kabla hujaanza, kwa hiyo mimi nazipenda. Kwenye hitilafu, aliyetangulia kuripoti ndiye anayelipwa. Soma kwanza zilizokwisha kuripotiwa, na usome maelezo ya kazi mpaka mwisho, kwa sababu yanasema sehemu gani zinatakiwa na zipi hawataki kuguswa. Ukileta hitilafu ya sehemu isiyotakiwa, hata ikiwa kubwa namna gani, hupati kitu.

Upande wa Kiswahili tuna nafasi ambayo hatujaitumia vya kutosha. Facebook ina Kiswahili tangu 2009, na tafsiri zake zilianza kwa watu wa kujitolea. Sasa chukua simu yenye skrini ndogo, weka lugha iwe Kiswahili, kuza maandishi kama wanavyoyakuza wazee wetu, kisha pita kwenye programu mbalimbali: utaona vitufe vilivyokatwa maneno, sentensi zilizolaliana, na umoja na wingi vilivyogongana. Kampuni moja yenye programu iliwahi kuikataa ripoti yangu ya aina hiyo kwa maelezo kwamba ni mapambo tu. Kitufe kilichokatwa kilikuwa cha kufuta akaunti! Mama asiyesoma Kiingereza akikibonyeza bila kujua, hayo si mapambo, na bado naumia nikikumbuka. Nilichojifunza ni kuandika madhara waziwazi kwenye ripoti yenyewe: nani ataumia, na atapoteza nini.

Malipo yanakuja kwa PayPal au Payoneer. Kwa sisi wa Kenya, pesa ya PayPal inaweza kuhamishwa hadi M-Pesa, lakini piga hesabu ya ada na kiwango cha kubadilishia dola kabla hujafurahia. Bando ni juu yako, na video zinalimeza, kwa hiyo kata rekodi ibaki sehemu yenye hitilafu tu.

Nyota nne kati ya tano kwa mwenye kazi nyingine anayependa kupekua vitu. Anayetafuta mshahara wa mwisho wa mwezi, kwake ni nyota mbili, kwa sababu kuna wiki mialiko inamiminika na kuna wiki haupo hata mmoja. Anza na mafunzo yao, ni ya bure na yana zoezi la kuandika ripoti. Na kabla hujatuma ripoti yako ya kwanza, mpe mwenzako simu pamoja na ripoti, kisha ukae kimya uone kama ataifikia hitilafu bila kukuuliza neno.