Ukaguzi wa tangi la kompresa: mkaguzi wa pili alistahili malipo yake

Karakana yetu ya kupaka magari rangi, karibu na Barabara ya Lunga Lunga, inatumia kompresa (mashine ya kushindilia hewa) ya mtumba yenye tangi la lita 300. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka tangi la aina hiyo lisafishwe na kukaguliwa na mtu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 24, na letu lilikuwa limepitisha muda. Mkaguzi wa kwanza aligonga tangi kwa spana mara mbili, akatazama geji, akadai malipo. Nilimpa nauli tu.

Wa pili alianza kwa kusoma kibati cha mtengenezaji, ambacho kilionyesha kikomo cha shinikizo cha bar 10, kisha akashika vali ya usalama, inayotoa hewa shinikizo likizidi, na kuvuta pete yake. Haikusogea. Vijana wetu, walipolipaka tangi rangi ili lipendeze, walikuwa wameipaka na vali pia, ikaganda kama kizibo. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyewasifu kwa kazi hiyo. Alipofungua koki ya chini, yalitoka maji ya kahawia karibu nusu ndoo, akatueleza kwamba unyevu wa hewa inayoshindiliwa hugeuka maji, hutuama chini na kula chuma kutoka ndani, mahali ambapo rangi mpya haifiki. Kipimo cha mawimbi ya sauti kilithibitisha hivyo: ubavuni bati lilikuwa na unene wa milimita 5, lakini chini lilibaki na 3.8.

Baada ya kupiga hesabu alishusha kikomo hadi bar 8, akataka vali mpya iliyowekwa kwa kiwango hicho na swichi ya kompresa irekebishwe, kisha akalijaza tangi maji na kulijaribu kwa pampu ya mkono hadi bar 12. Hutumia maji kwa sababu hayabaniki kama hewa, hivyo bati likishindwa huvuja au huchanika bila kurusha vipande.

Kasoro zake ni kwamba alichelewa saa mbili, na ripoti yake ni ya Kiingereza kizito ambacho wapaka rangi wetu hawakukielewa mpaka nilipowafafanulia. Bei ilikaribia maradufu ya aliyotaka mwenzake. Anayemwita apange siku ambayo hana gari la mteja la kukabidhi, kwa kuwa sisi tulikaa bila hewa kuanzia asubuhi hadi jioni.