Uzoefu wangu: barabara ya zamani ya Route 66, Seligman hadi Oatman, Arizona

Ukiiacha barabara ya kasi ya I-40 kwenye njia ya kutokea namba 139, Crookton Road, malori yanapotea ghafla. Unabaki na lami ya njia mbili, nyasi kavu pande zote na reli kwa mbali. Hapo ndipo tulipoanzia mimi na mke wangu, mwezi wa nne, na gari dogo la kukodi la siku mbili. Tunaishi Phoenix mwaka wa sita sasa. I-40 tumeipita mara nyingi, lakini Seligman hatukuwahi kuiona, na ipo karibu kabisa na njia yetu ya siku zote.

Route 66 ilipewa namba hiyo mwaka 1926. Ilitoka Chicago hadi Santa Monica, zaidi ya maili 2,400, ikipita ndani ya miji, mbele ya milango ya maduka. Sheria ya mwaka 1956 ikaleta barabara za kasi, mji mmoja baada ya mwingine ukaachwa pembeni, na mwaka 1985 namba 66 ikafutwa rasmi. Zamu ya Seligman ilikuwa Septemba 1978. I-40 ilipofunguliwa, magari yakakatika. Kinyozi wa mji, Angel Delgadillo, hakukubali. Mwaka 1987 yeye na wenzake waliunda chama, wakaibana serikali ya jimbo hadi ikaitambua barabara yao kuwa ya kihistoria. Chumba chake cha kunyolea sasa ni duka la kumbukumbu, na kiti cha kunyolea bado kipo.

Mimi nimekulia Muheza. Najua maana ya nyumba kula kwa sababu basi limesimama: machungwa yakiuzwa dirishani, ada ya shule inapatikana. Nilisimama mbele ya kile kiti muda mrefu, mke wangu akaniacha, akaenda kutafuta kahawa.

Kutoka Seligman hadi Kingman ni kama maili 87, ndefu kuliko kupita I-40, na kila maili ina thamani yake. Unapita Peach Springs, makao makuu ya taifa la Wahualapai, wenyeji asilia wa eneo hili, kisha Truxton, ambako vituo vya zamani vya biashara vimesimama kimya kando ya lami. Treni ya mizigo ilitufuata kwa muda. Mke wangu akahesabu mabehewa, akafika mia, akaacha. Duka la Hackberry, na pampu zake za mafuta za zamani mbele, usilipite bila kushuka.

Kuna jambo nataka Waafrika wenzangu mlijue kabla ya kupenda picha. Miaka ile inayokumbukwa kwa utamu, mtu mweusi hakulala popote alipochoka. Wengi walibeba mwongozo ulioitwa Green Book, uliotolewa kuanzia 1936 na Victor Hugo Green, mpeleka barua aliyeishi Harlem, New York, ili wajue nyumba ipi itawapokea. Jioni, Kingman, tulipewa ufunguo wa moteli bila kuulizwa neno, tukaegesha gari mlangoni pa chumba. Nililifikiria hilo sana usiku ule. Moteli yenyewe (sitaji jina) ilikuwa safi, ila maji ya moto hayakuja mpaka asubuhi.

Siku ya pili ndiyo ya kuendesha kwa adabu. Kuvuka Sitgreaves Pass kwenda Oatman ni kona juu ya kona, korongo ubavuni, na sehemu nyingi hazina vyuma vya pembeni. Gari linalozidi futi 40 haliruhusiwi. Ukifika, punda wamejaa barabarani, wazao wa punda waliobeba mizigo ya machimbo ya dhahabu. Mmoja aliingiza kichwa dirishani kwetu. Usiwalishe, wanazoea vibaya.

Maandalizi: jaza mafuta Seligman au Kingman. Pakua ramani mapema, mtandao unakatika. Ramani ya simu itakurudisha I-40 kila mara kwa sababu inatafuta njia fupi. Zima maelekezo yake, fuata vibao vya rangi ya kahawia. Kupita ni bure.

Natoa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeipunguza kwa maduka: karibu yote yanauza sumaku na fulana zile zile, wakati mji una simulizi za kutosha kuuza kitu chake wenyewe.

Mwezi wa kumi tunarudi. Mama anakuja kutoka Muheza, aliuza machungwa barabarani miaka mingi. Nitamkalisha mbele, nishuke I-40 pale pale namba 139.