Miro kwenye warsha za usanifu za mtandaoni: uzoefu wangu nikiwa Mbeya

Naendesha warsha za usanifu wa programu nikiwa Mbeya, wenzangu wakiwa Iringa, Njombe na Dar es Salaam. Ubao wetu ni Miro, ubao mweupe wa mtandaoni ambao wote tunauandikia kwa pamoja. Mpango wa bure unakupa mbao tatu za kuhariri, nazo zinatosha ukihifadhi PDF baada ya kila warsha kisha ukausafisha ubao.

Kinachovuruga warsha mara nyingi ni uzito wa ubao. Bandika picha za skrini zenye megabaiti kadhaa kila moja, laptopu ya RAM GB 4 itaganda na mwenyewe atadhani bando limeisha. Mimi hupunguza kila picha mpaka chini ya KB 300. Kisha funga (lock) vichwa, mistari na fremu zote, yaani visanduku vinavyogawa ubao, ili visisogezwe. Bila hivyo, mtu anayetaka tu kusogea pembeni ataburuta jedwali zima, na wenzake hawatajua tena pa kuandika.

Washiriki watano hadi saba ndiyo idadi nzuri. Kila fremu ibebe swali moja, kwa mfano: mkulima wa parachichi Rungwe anaijuaje bei kabla mnunuzi hajafika shambani? Toa dakika 6 za kuandika kimya, wazo moja kwa kila kikaratasi cha kubandika ubaoni (sticky note), maneno yasizidi 10. Kimya hicho nakisisitiza sana, kwa sababu bosi akitangulia kusema, vikaratasi vyote vitafanana na kauli yake. Dakika 10 zinazofuata ni za kupanga mawazo kwa makundi. Kura hupigwa kwa doti 3 ambazo kila mtu amewekewa mapema chini ya jina lake. Wakitengeneza doti zao wenyewe, wengine watajiongezea.

Sauti hupita Zoom, ambayo bure hukata kikao dakika ya 40. Gawa warsha vipande viwili, na robo saa ya mapumziko katikati. Kamera zizimwe, bando lidumu.

Kwa simu, Miro inafaa kusoma zaidi kuliko kuandika. Mwenye simu atume mawazo yake WhatsApp, na mtu mmoja aliyeteuliwa ayabandike palepale bila kuyahariri.

Ratiba yenye dakika za kila hatua iandikwe juu ya ubao. Umeme ukikatika kwa mwendeshaji, ubao unabaki mtandaoni, na msaidizi anaendelea kuanzia hatua iliyofikiwa.