Kuogelea chali: bahari ya Malindi au bwawa la hoteli?

Kijana wa Malindi anayelenga mashindano ya kuogelea chali hukutana na ubishi huu mapema: ajifue baharini, au alipie bwawa la hoteli?

Kwa gharama, bahari haina mpinzani. Ni bure, na maji ya chumvi humbeba mtu, nyonga zisizame. Mawimbi nayo yanakomaza mabega. Ila haiaminiki: kusi likivuma bahari huchafuka, na mvua zikikolea Mto Sabaki humwaga tope. Tena anayeogelea chali haoni aendako. Mashua humjia kisogoni. Asiingie peke yake kamwe.

Bwawa lina kiingilio, na klorini huchakaza nguo za kuogelea upesi. Lakini mbio hizi huamuliwa ukutani. Olimpiki ina mita 100 na mita 200 za chali. Mwogeleaji huanzia majini, ameshika vishikio. Bendera hutundikwa mita 5 kabla ya ukuta ili ahesabu mikono kabla ya kugeuka, na baada ya kujisukuma kichwa lazima kiibuke kabla ya kupita mita 15. Bahari haifundishi hayo, na hapa sitanii. Hata bwawa fupi, ukilifungia kamba yenye vitambaa juu, lafaa.

Mtoto anayejenga pumzi na kuzoea maji, bahari ya kaskazi inamtosha, mkubwa akiwa kando. Anayejiandaa kushindana na saa, familia ijibane apate bwawa hata mara moja kwa wiki, siku nyingine aende pwani.