Kulipia kila mwezi au kununua mara moja: uzoefu wangu na programu za kuhariri picha

Nimefanyia kazi Lightroom Classic, Photoshop, Affinity, DxO PhotoLab, darktable na GIMP. Anayeanza akiniomba ushauri humwambia aangalie kwanza anapiga faili za aina gani, kisha aulize kazi yake itabaki wapi siku atakapoacha kulipa. Bei ije ya tatu.

Programu hizi ni za koo mbili. Lightroom, PhotoLab na darktable ni za kusafisha faili za RAW (data ghafi ya kamera kabla haijageuzwa kuwa JPEG) na kupanga maktaba ya picha. Photoshop, Affinity na GIMP ni za kuhariri pikseli kwa tabaka: kufuta mtu aliyekatiza nyuma, kuunganisha picha mbili, kuweka maandishi. Faili ya RAW ya biti 14 inaweza kubeba ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, ilhali JPEG ina 256 tu, ndiyo maana ukijaribu kung'arisha kivuli kizito kwenye JPEG unapata mabaka. Kama unapiga JPEG za simu peke yake, usilipie chochote bado. Snapseed ni ya bure na inatosha.

Lightroom Classic haina leseni ya kununua. Ni usajili tu. Kwa kazi yenyewe naiona bora kuliko nyingine zote: maski ya anga au ya mtu, yaani kuchagua sehemu hiyo tu ili uirekebishe peke yake, inapatikana kwa mbofyo mmoja na kamera mpya huongezwa kwa masasisho ya kawaida. Shida iko kwenye mkataba. Mpango wa Adobe wa "mwaka, unaolipwa kila mwezi" unaonekana kama wa mwezi lakini ni wa mwaka mzima. Ukiuvunja baada ya siku 14 za mwanzo, masharti yake ya Marekani yanakutoza nusu ya malipo yaliyobaki. Mwaka 2024 serikali ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo kwa madai kwamba ada hiyo ilikuwa imefichwa. Kwa hiyo soma mstari mdogo ulio chini ya bei kabla ya kuingiza namba ya kadi.

Usajili ukiisha, Lightroom Classic haifungi kila kitu. Sehemu ya Develop, yaani vitelezi (sliders) vyote unavyovitegemea, inazimwa. Library inabaki: unaziona picha na unaweza kuzitoa kwa Export zikiwa na mabadiliko uliyokwisha kuyafanya. Photoshop inafunga kabisa. Faili zake za PSD ni zako, na Affinity na GIMP huzifungua, ila usitarajie kila tabaka lifunguke kama ulivyoliacha.

Mtego ambao wengi hawauoni ni katalogi. Mabadiliko hayamo ndani ya picha. Yamo kwenye faili moja inayoishia kwa .lrcat, na picha zenyewe zimekaa kwingine kwenye diski. Ukinakili folda ya picha ukasahau katalogi, umenakili picha ambazo hazijaguswa. Chagua picha zote kwenye Library ubonyeze Ctrl+S (Cmd+S kwenye Mac), na kila RAW itapata faili ndogo ya .xmp pembeni yake. Hata hivyo programu nyingine itasoma nyota na maneno ya utafutaji, si vitelezi, kwa sababu kila programu ina hesabu zake za mwanga na rangi. Darktable hujaribu kutafsiri baadhi, lakini matokeo hayafanani. Njia ya uhakika ni kuzitoa kwa TIFF ya biti 16, aina ya faili ya picha isiyopoteza ubora. Picha ya megapikseli 24 inakuwa na megabaiti 144 hivi kabla ya kubanwa, kwa hiyo picha 200 zinakula gigabaiti 29. Toa zile bora tu.

Kununua mara moja nako kuna maswali yake. Lightroom 6 ilitoka 2015 kwa leseni ya kudumu, na masasisho yakakoma mwishoni mwa 2017. Leseni haikufa. Kamera zilizotoka baadaye ndizo ilizoshindwa kuzisoma, na macOS ya 2019 ilipoacha programu za biti 32, kisakinishaji chake kikawa hakifanyi kazi. Dawa ya tatizo la kamera ni Adobe DNG Converter, ambayo ni ya bure: inageuza RAW mpya kuwa DNG, muundo wa RAW wa Adobe yenyewe. Kabla ya kugeuza, ingia kwenye mapendeleo yake uweke upatanifu (Compatibility) unaolingana na toleo lako, la sivyo DNG nayo itakataa kufunguka.

Tena angalia maana ya "mara moja". Photoshop Elements 2025 haina usajili, lakini leseni yake ni ya miaka mitatu. Leseni ya kudumu ya Capture One, programu nyingine ya RAW, inakupa toleo ulilonunua, si vipengele vya matoleo yajayo. PhotoLab ndiyo ninayoipenda katika kundi hili, hasa kwa kuondoa chenga (vidoadoa) za picha zilizopigwa gizani; ila bila kadi nzuri ya michoro picha moja inaweza kukuweka dakika kadhaa.

Hesabu ni rahisi. Gawanya bei ya kununua kwa bei ya mwezi. Tuseme jibu ni miezi 18, na kupandisha toleo kunagharimu nusu, yaani miezi 9. Katika miaka minne usajili unakula miezi 48. Ukinunua na kupandisha mara moja tu, umetumia 27. Ukipandisha kila mwaka, umetumia 45, na faida karibu yote imeyeyuka. Basi anayetaka toleo jipya kila linapotoka asijidanganye kwamba kununua ni nafuu.

Na kuna za bure. Affinity, iliyokuwa ya kununua, imekuwa ya bure tangu mwishoni mwa 2025. Unahitaji akaunti ya Canva, kampuni inayoimiliki, na zana za akili bandia ziko nyuma ya malipo. GIMP 3.0 ya 2025 imeleta vichujio unavyoweza kuvirekebisha baadaye. Darktable ina nguvu kweli, lakini inamtisha mgeni: RAW inafunguka ikiwa imepooza kuliko JPEG ya kamera, na moduli, yaani visanduku vya zana, ni nyingi mno. Anza na tatu tu: exposure (mwangaza), color calibration (rangi) na sigmoid (utofauti wa mwanga na kivuli). Usirekebishe mizani ya weupe (white balance) katika moduli mbili kwa pamoja, rangi zitavurugika.

Kwa anayeanza ningechagua darktable pamoja na Affinity kwanza, na kulipia baadaye kwa sababu anayoweza kuitaja, kama vile maski za haraka au chenga. Usisakinishe matoleo yote ya majaribio siku moja, kwa kuwa saa zao zitaanza kuhesabu pamoja. Chukua picha kumi zilezile: moja yenye giza, moja ya uso, moja yenye anga iliyoungua kwa mwanga mwingi, nyingine za kawaida. Zihariri katika kila programu, upime muda wa kuzitoa, na uhakikishe modeli kamili ya kamera yako imo kwenye orodha yao. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 itafungua programu hizi, lakini maski zikiongezeka itaanza kukwama. 16 ndiyo ya kufanyia kazi kwa raha. Ukiangukia kwenye usajili, chukua wa mwezi kwa mwezi hata kama ni ghali kidogo, na siku ya kuufuta uandike .xmp zote na kutoa TIFF zako kabla ya kubonyeza kitufe, Develop ikiwa bado iko wazi.